Mita Iliyogoma Kwenye 487

Loda ndogo ina balaa moja: watu huidharau. Greda likisimama, saiti nzima inajua na simu zinaanza kupigwa. Kijiko kikianza kukohoa, fundi anaitwa mbio. Lakini loda ndogo, ile inayogeuka papo hapo kwa kuburuza magurudumu, itabeba kokoto, itasukuma vifusi, itapandisha matofali mchana kutwa, na jioni itaegeshwa nyuma ya stoo bila mtu hata kuipangusa. Wakati huo nilikuwa saidia fundi kwenye gereji ya kampuni moja ya ujenzi. Mitambo mikubwa ilikuwa na wenyewe. Mimi nikaachiwa loda, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka.

Ratiba yake niliijua kwa moyo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha: oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya haidroli, upepo wa tairi, nati za magurudumu, na grisi kwenye pini zote za mikono ya kunyanyulia na baketi hadi grisi ya zamani itoke na mpya ionekane. Kila masaa 250 ya kazi ya injini, oili ya injini na filta yake. Kila masaa 500, filta ya dizeli na filta ya haidroli. Masaa 1,000, oili ya haidroli yenyewe, ile inayonyanyua mikono kwa shinikizo, na ile ya boksi la minyororo inayozungusha magurudumu. Vitabu vya watengenezaji hupishana kidogo, ila hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya mashine zetu. Na hesabu yote inategemea mita ya masaa pale kwenye dashibodi. Kalenda huingia tu kwa vitu vinavyozeeka hata mashine ikiwa imelala, kama maji ya rejeta.

Siku ninayoisimulia, loda moja ilishushwa kutoka kwenye lori, inatoka saiti nyingine. Karatasi iliyokuja nayo ilisema mita iko 487, yaani sevisi ya 500 bado masaa 13, hivyo iingie kazini kesho yake na gereji tuishughulikie baadaye. Nyapara alishaipangia kazi.

Fundi mkuu wetu, tuliyekuwa tukimwita Mzee bila kuongeza jina, aliizunguka mikono ikiwa nyuma. Hakugusa kitu. Kisha akaingia kabini, akakaa, akatazama chini.

"Njoo uone hizi pedali," akaniambia. "Raba imelika mpaka chuma kinachungulia. Mashine ya masaa 487 hailiki hivi."

Akaniambia niiwashe na nisiondoe macho kwenye mita. Tarakimu ya mwisho kulia huhesabu sehemu ya kumi ya saa, kwa hiyo injini ikiwa inaunguruma lazima igeuke kila baada ya dakika 6. Nilikaa pale nikivuta moshi wa dizeli, nikaona dakika 6 zikapita, zikapita nyingine 6. Tarakimu haikutikisika.

Opareta wake alikuwa amekuja pamoja na mashine, dada mmoja mpole mwenye kofia ya plastiki iliyopauka kwa jua. Mzee alipomuuliza mita imesimama lini, akasema, "Shikamoo Mzee. Mimi nilisema pale saiti. Niliambiwa niandike inavyosoma."

"Marahaba mwanangu. Na dizeli walikuwa wanaandika?"

Walikuwa wanaandika. Na hapa ndipo nilipompenda yule mzee kuliko mafundi wote niliowahi kuwabebea spana. Daftari la dizeli lilikuwa limekuja na mashine, kwa sababu watu huwa makini na dizeli hata pale ambapo hawajali oili, dizeli huibiwa. Kila ujazo ulikuwa na safu tatu: tarehe, lita, na usomaji wa mita. Tukalifungua juu ya meza ya kazi. Mwanzoni mita ilikuwa inapanda vizuri. Kisha kuanzia ukurasa fulani ikawa 487, 487, 487, chini mpaka mwisho, kwa miandiko tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeweka alama ya kuuliza.

Mzee akanipa kalamu. Tangu sevisi ya 250 hadi mita ilipogoma, mashine ilifanya kazi masaa 237 na ikanywa lita 1,920. Gawanya: lita 8.1 kwa saa. Tangu mita igome, ilinywa lita 1,490. Gawanya kwa 8.1: masaa 184. Kwa hiyo loda iliyoandikwa 487 ilikuwa kwenye 671, na oili ya injini iliyopaswa kukaa masaa 250 ilikuwa imekaa 421.

Nyapara alipokuja kuulizia mashine yake, alionyesha dashibodi kwa kidole. "Mzee, si inasoma 487?"

"Mita imelala, bosi. Injini haikulala."

Yalikuwepo mabishano, siyarudii yote. Yaliisha Mzee alipochukua ufunguo na kuutia mfukoni.

Tukaanza na mikono ya loda juu ili tuone hozi. Kabla sijainama, Mzee alihakikisha lile chuma jekundu la kuzuia mikono limekaa kwenye fimbo ya silinda na pini yake imeingia. Mikono ile ikiwa juu hushikiliwa na oili peke yake. Hozi ikipasuka au mtu akigusa wenzo kwa bahati mbaya, inashuka kabla hujasema lolote. Nimeona gereji ambazo chuma hicho kimetupwa kwenye kona na kuota kutu, na watu wanainua mikono na kuweka gogo. Sifanyi kazi gereji za namna hiyo.

Kwenye hozi moja karibu na bawaba ya mkono wa kulia, vumbi lilikuwa limelowa. Yule dada alinyoosha mkono wenye glovu alifute ili tuone vizuri. Mzee akamdaka kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Usiguse kamwe, mwanangu."

Haidroli ya loda ndogo hufanya kazi kwa shinikizo linalopita bar 200. Tundu lisiloonekana kwa macho hutoa oili nyembamba kama sindano, na oili hiyo hupenya glovu, hupenya ngozi, na huacha alama ndogo ambayo mtu anaweza kuidharau mpaka jioni. Kumbe ndani nyama inakufa. Aliyechomwa hivyo hasubiri maumivu. Anakimbizwa hospitali saa hiyo hiyo na daktari anaambiwa wazi kwamba ni oili ya haidroli iliyoingia mwilini. Kuvuja kunatafutwa kwa kipande cha boksi la karatasi. Mzee alikishika cha kwake kwa koleo, akakipitisha taratibu kando ya hozi huku mimi nikiwa kwenye gesi, na mstari wa oili ukajichora juu ya karatasi. Tulizima, tukashusha mikono, tukatoa shinikizo lililobaki kwa kucheza na wenzo, ndipo hozi ikafunguliwa. Ilikuwa imesuguana na ukingo wa chuma kwa sababu kibano chake kilidondoka. Kibano chenyewe ni kitu cha bolti moja.

Kisha tukainamisha kabini mbele ili tufike tumboni. Tope kavu, majani, vipande vya mbao, na vyote vimelowa dizeli na oili, vimeshikana chini ya pampu na kuzunguka ekzosi. Huo ndio moto unaosubiri. Mashine za aina hii zilianzia kwenye uchafu hasa: mwaka 1957 ndugu wawili wa Minnesota, Marekani, Cyril na Louis Keller, walitengeneza loda ya magurudumu matatu ili mfugaji aweze kusafisha mabanda ya batamzinga, na yetu ya magurudumu manne ni kizazi cha ile. Injini iko nyuma, pampu katikati, opareta amekaa juu ya vyote, na nafasi iliyobaki hujaa chochote kinachodondoka. Nilifungua kifuniko cha chini na nikachokonoa hadi mgongo ukauma. Rejeta tuliipuliza kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo wa wastani, tusije tukalaza mapezi yake.

Filta ya hewa ndiyo iliyonisikitisha. Ya nje ilikuwa imebonyea pembeni pote. Yule dada alisema bila kuficha kwamba alikuwa akiigonga kwenye tairi kila vumbi likizidi, kwani ndivyo alivyofundishwa. Mzee hakumgombeza. Aliweka tochi ndani ya ile filta, akazima taa ya gereji, akamwonyesha vitundu vya mwanga kwenye mikunjo ya karatasi. Kisha akachomoa ile ndogo ya ndani, ya usalama, akapitisha kidole kwenye bomba linaloelekea kwenye injini. Kidole kilitoka safi. Ile ya ndani ilikuwa imefanya kazi ya mbili, na ilikuwa imeziba karibu kabisa. Tukabadilisha zote.

Oili ya injini tuliimwaga ikiwa bado ya moto, maana oili ya moto hutoka na uchafu wake. Ilitoka nyeusi tii na kidogo kuliko ilivyopaswa. Kazi niliyoisubiri ilikuwa filta. Mzee alikuwa na kikatio chake maalumu. Msumeno hakuutaka kabisa, kwa kuwa msumeno huacha chembe zake za chuma na baadaye unalaumu injini bure. Alikata kopo, akatoa karatasi yenye mikunjo, akaikata vipande, akaikamua kwenye jiriwa na kuitandaza chini ya taa. Tulipoinamisha karatasi, kulikuwa na vimulimuli vidogo mno, unavipoteza ukigeuza kichwa. Akapitisha sumaku juu yake. Havikushikwa.

"Si chuma," akasema. "Hizi ni beringi zinaanza kulalamika. Bado ni chache."

Nilitegemea aseme injini ifunguliwe. Hakusema hivyo. Alisema tuweke oili mpya, filta mpya, mashine ifanye kazi masaa 50, kisha tumwage tena na kukata filta tena. Chembe zikiongezeka, tunafungua. Zikiisha, tunarudi kwenye ratiba. Nyapara alipoambiwa kwamba tutaichukua tena baada ya masaa 50 alitaka kulia, lakini alikuwa ameiona ile karatasi.

Mita yenyewe haikuwa imekufa. Nyuma ya dashibodi waya mmoja ulikuwa umechomoka kwenye kichwa chake, umeota ukijani wa kutu. Tuliukwangua, tukaurudisha, na tarakimu ya mwisho ikageuka baada ya dakika 6 kama inavyotakiwa. Mita haiwezi kurushwa mbele, kwa hiyo Mzee alichukua rangi nyeupe na brashi ndogo akaandika pembeni ya kioo chake: ONGEZA 184. Kwenye daftari la mashine akaandika hesabu yote ya dizeli, gawanya kwa gawanya, ili fundi atakayekuja asidhani tulibuni. Yule dada akaomba kalamu, akaandika jina lake chini kama shahidi. Haikuhitajika, lakini Mzee alimwachia.

Masaa 50 yalipotimia, loda iliingia gereji asubuhi na mapema, imeoshwa, pini zote zina grisi mpya. Tukamwaga oili, na safari hii kikatio nilipewa mimi. Nilitandaza karatasi, nikaigeuza chini ya taa kila upande, nikapitisha sumaku, nikaigeuza tena. Ilikuwa na weusi wa kawaida tu. Mzee aliiangalia mara moja, akaitupa kwenye pipa la taka za oili, akaniambia nikaanze kufungua tairi za greda.