Mipira Mitatu ya Biliadi

Warithi wa nyumba moja kongwe ya Wazungu, upande wa baharini hapa Malindi, walimwita mjomba wangu awakadirie thamani ya vifaa vya biliadi walivyoachiwa, nami nikafuatana naye kumshikia tochi. Mjomba alikuwa seremala aliyezoea pia kununua samani kuukuu.

Meza haikumchukua muda. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa na kitambaa cha kijani kimeoza, lakini kwa kuwa meza kamili ya Kiingereza, ya futi 12 kwa 6, kwa kawaida hutandikwa mabamba matano ya mawe, aliingia chini yake akayapapasa yote kabla ya kuandika chochote. Kwenye fimbo alikawia zaidi. Alinionyesha mahali ambapo mpingo wa kishikio umeungana na mti mweupe wa mbele, akasema, “Tazama maungio haya, mwanangu. Ya mkono huishia kwa mviringo. Ya mashine huwa na ncha kali.” Mbili zilikuwa za mkono, na hizo akaziweka kando.

Mipira ndiyo iliyotegemewa na warithi, kwani waliamini yote mitatu ni pembe ya ndovu. Ile miwili myeupe ilikuwa pembe kweli: tochi ilipoangazwa kwa ubavuni ilionekana mistari myembamba iliyopishana mithili ya wavu, na katikati yake nukta nyeusi, alama ya mshipa uliopita ndani ya pembe. Isitoshe, haikuwa duara tena, kwa maana pembe hunywea zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mwekundu haukuwa na mstari wowote. Mjomba aliusugua kwa kiganja hadi ukapata joto, akaunusa, kisha akanipa: kafuri, harufu isiyompotea mtu aliyewahi kuhudhuria maiti ikioshwa. Ulikuwa wa seluloidi, plastiki ya zamani iliyochanganywa na kafuri, ambayo John Wesley Hyatt wa Marekani aliianza miaka ya 1860, baada ya watengenezaji wa meza za biliadi kuahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe. Mrithi mmoja alitaka uchomwe kwa sindano ya moto ili kuhakikisha. Mjomba alikataa katakata, maana seluloidi hushika moto upesi mno.

Kwenye karatasi ya bei, mbele ya mipira myeupe alipiga mstari mtupu.

“Mzee, si hiyo ndiyo ghali kuliko yote?”

Aliwaeleza kwamba Kenya, iliyoteketeza tani 12 za pembe mwaka 1989, hairuhusu biashara hiyo, na kwamba hata kukaa nayo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Waende wakaiarifu Idara ya Wanyamapori. Walinuna, mmoja akadai kuwa mjomba anaishusha thamani ili aje ainunue kwa siri, shutuma ambayo kwangu ilikuwa ya kipuuzi, kwani mnunuzi mwenye nia hiyo asingewatuma serikalini.

Fimbo mbili na mabamba walikubaliana bei baada ya mabishano marefu. Ule mpira mwekundu, waliokuwa tayari kumpa mtoto auchezee, ndio pekee kati ya mitatu alioulipia, na njiani akanionya nisiuweke karibu na jiko.