Saa tisa usiku hapa, saa nane mchana kwa Mama: siku moja kazini kwangu

Saa 11 alfajiri. Tacoma, jimbo la Washington, Novemba, mvua. Nateleka chai ya maziwa na tangawizi, na simu ya kazi naiacha mezani kifudifudi hadi nimalize kikombe. Nimejiwekea sharti hilo kwa sababu nikisoma majina ya watu nikiwa bado na usingizi, nayasoma vibaya.

Mimi ni mzaliwa wa Voi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na naongoza timu ya kuzuia kujiua katika hospitali moja ya askari wa zamani. Jamaa wa nyumbani nikiwaambia nahudumia wanajeshi wastaafu, wanawaza wazee wenye mikongojo na pensheni. Hao wapo, wa Vita vya Vietnam. Lakini niliyeonana naye juzi ana miaka 27, na jeshini alikaa minne tu. Watu nitakaowataja hapa nimewachanganya na kuwabadilisha, ili asiwepo atakayetambuliwa na jirani yake. Na saa zote nimeandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

Saa 1 na nusu asubuhi. Nafungua orodha ya usiku. Laini ya dharura ya askari wa zamani ilianza mwaka 2007, na tangu Julai 2022 mtu anabonyeza 988 kisha 1. Anayepokea huwa yuko mbali, lakini mpigaji akikubali kufuatiliwa, jina lake linafika kwetu na tunatakiwa tumtafute ndani ya siku moja ya kazi. Leo wako tisa. Nagawana na wenzangu wawili.

Wa kwanza kwangu ni mzee wa miaka sabini na kitu. Simu inaita weee, mwishowe anapokea. "Nilikuwa nimelewa tu," anasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuvunja glasi ya watu. Simharakishi. Namuuliza kama amestaftahi, na huyo mbwa ninayemsikia anaitwa nani. Kisha namuuliza waziwazi: "Jana usiku ulikuwa unafikiria kujiua? Na sasa je?" Kimya. Mbwa anakwaruza mlango. "Jana, ndiyo. Sasa hivi, siyo sana."

Hilo "siyo sana" ndilo lililonileta kazini. Wengi huogopa kulitaja neno lenyewe wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, na watafiti wamelipima jambo hili si mara moja. Aliye na wazo hilo amelibeba peke yake siku nyingi, na ukilitaja wewe anapata pa kulitua. Tunaongea dakika 40. Saa 7 mchana ataonana na daktari, na binti yake ndiye atakayemleta.

Saa 3. Kikao cha wenye alama. Mgonjwa aliye katika hatari kubwa huwekewa alama kwenye faili lake, na baada ya hapo sharti aonwe angalau mara nne katika siku 30 za mwanzo. Tunapitia majina 11. Halafu kuna orodha ya kompyuta: tangu 2017 kuna programu inayochambua rekodi za matibabu, na kila mwezi inatutajia asilimia 0.1 ya wagonjwa wa hospitali wanaoonekana kuwa hatarini zaidi. Imewahi kunionyesha watu ambao hapakuwa na daktari hata mmoja aliyewahofia, kwa hiyo naiheshimu, ingawa anayepiga simu lazima awe binadamu.

Saa 5. Huyu nilikuwa namngoja. Kijana wa Malindi, miaka 35, aliyeingia jeshi la Marekani mwaka 2014 kupitia mpango uliowachukua wageni wanaojua lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, na kuwapa njia ya mkato ya uraia. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2016. Alipelekwa Afghanistan, akarudi, akatoka jeshini, akaoa, wakaachana. Wiki iliyopita aliulizwa maswali ya fomu kwa Kiingereza, akajibu hapana, hapana, hapana. Muuguzi hakuyapenda macho yake, akanipigia.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Tunazungumza mvua, na bei ya unga kwenye duka la Waafrika. Kisha namuuliza kwa Kiswahili: "Unafikiria kujiua?" Kwa Kiingereza swali hili limeshatiwa ganzi, limesomwa kwenye fomu mara elfu. Kwa lugha ya nyumbani linachoma. Anavua kofia, anaiweka magotini, anaizungusha kwa vidole.

"Anti, kwetu hilo halisemwi."

Najua. Kwetu halikuwa la aibu tu, lilikuwa la polisi. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, Mkenya aliyejaribu kujiua akanusurika aliweza kushtakiwa. Mtu hukua na hofu hiyo na kuvuka nayo bahari. Kijana huyu ana na ya pili: bili ya hospitali. Namweleza kwamba tangu tarehe 17 Januari 2023, askari wa zamani anayekaribia kujiua anaweza kuingia hospitali hata isiyo yetu, akalazwa hadi siku 30 na kutibiwa akitokea nyumbani hadi siku 90, pasipo kutoa senti.

"Silipi kitu?"

"Hulipi."

Anaitazama kofia. "Ndiyo," anasema. Nachelewa kidogo kuelewa kwamba lile la bili ameshaliacha. Ananijibu swali la kwanza.

Natoa karatasi. Mpango wa usalama ni ukurasa mmoja wa hatua sita, uliobuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown, na kalamu anashika mwenyewe. Dalili kwamba hali inaanza kuharibika: "Nikizima taa nisipate usingizi." La kufanya nikiwa peke yangu: "Kuoga maji moto. Kupika hata kama sitakula." Tunafika kwenye mtu wa kumwomba msaada, kalamu inasimama. Rafiki yake wa jeshini yuko Texas na siku hizi hapokei simu. Binamu yake anayeishi naye hufanya kazi za usiku.

"Saa ngapi ndiyo mbaya kuliko zote?"

"Saa tisa usiku. Kila siku hiyo hiyo."

Nahesabu. Majira haya tunapishana na Kenya saa 11. "Saa tisa usiku hapa, Malindi ni saa nane mchana. Mama huwa anafanya nini saa nane?"

Anafikiri. "Ameshaswali adhuhuri. Anakaa barazani, anasuka ukili." Anatabasamu, kisha machozi yanamtoka, na nayaacha yatoke. Mama hajui lolote. Anajua pesa zinafika kila mwisho wa mwezi, basi mwanangu mzima.

Hatua ya mwisho ni kuiweka mbali silaha, na yeye ana bastola. Karibu robo tatu ya askari wa zamani wanaojiua Marekani hutumia silaha ya moto, na mpango usiogusa silaha haujakamilika. Simwambii aiuze, maana kwa watu hawa ukitamka hivyo mazungumzo yamekwisha. Namwambia habari ya muda. Watafiti wa Houston, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001, waliwauliza vijana walionusurika, na takriban mmoja kati ya wanne alisema kwamba tangu aamue hadi atende hazikutimia dakika 5. Dakika hizo ndizo tunazozitafutia kizuizi. Nampa kufuli la waya, tunaligawa bure. Likipitishwa kwenye silaha, haiwezi kupakiwa risasi. Anampigia binamu palepale. "Huo ufunguo niachie mimi, nakuja kuuchukua kabla sijaingia kazini," binamu anasema, na hadadisi zaidi.

Saa 7, wali baridi mbele ya kompyuta. Yule mzee amefika na binti yake.

Saa 9 alasiri. Napeleka makasha mawili ya makufuli kwenye duka la bunduki. Zaidi ya nusu ya askari wa zamani wanaojiua hawakuwa wametibiwa kwenye hospitali zetu siku za karibuni, kwa hiyo nikikaa ofisini kuwangoja, sitawaona. Muuzaji, naye askari wa zamani, amebandika karatasi ukutani yenye namba 22, watu wanaosemekana kujiua kila siku. Hesabu hiyo ni ya ripoti ya 2012. Kwa mwaka 2022 walikuwa 6,407, wastani wa 17.6 kwa siku. Namwambia, anaandika namba mpya kwa kalamu chini ya ile ya zamani, na anaomba makufuli zaidi mwezi ujao.

Saa 10 na nusu. Nasaini barua. Ni fupi, hazidai chochote: tunakukumbuka, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Daktari Jerome Motto wa San Francisco ndiye aliyezijaribu kwa watu waliokataa kuendelea na matibabu, na walioandikiwa walijiua wachache zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Alikuwa askari wa Vita vya Pili vya Dunia, na wazo lilimjia kutokana na barua alizopokea akiwa vitani. Leo nasaini 34, zote kwa mkono, na kila jina nalitamka.

Saa 11 jioni. Nampigia mjane. Septemba tulimpoteza mumewe. Ananiuliza lile lile la kila wiki: "Siku ile aliponipigia, simu yangu ilikuwa kabatini kazini. Ningeipokea je?" Sina jibu, na sijifanyi kuwa nalo. Nabaki naye kwenye simu hadi watoto wanapomwita.

Saa 4 usiku naikabidhi simu kwa mwenzangu wa zamu. Alhamisi saa 5 nina miadi na kijana wa Malindi, ya pili kati ya nne. Nakala ya karatasi yake iko kwenye faili. Kwenye mstari uliomtatiza ameandika "Mama", na pembeni, kwa herufi ndogo: "saa nane, barazani".