Unafikia kwa Nani?

Juzi Jumamosi, tukiwa uani tunachambua mchele wa hitma, binti wa dada yangu alitangaza kwamba likizo hii anakwenda Mafia peke yake. Haendi harusini, haendi msibani, wala hajatumwa na chuo. Anakwenda kumwona papa potwe na kukaa. Dada aliweka ungo chini, akamwuliza: "Unafikia kwa nani?" Mtoto akajibu kwamba amepata chumba cha bei nafuu katika nyumba ya wageni ya Kilindoni. "Sijakuuliza unalala wapi," dada akasema. "Nimekuuliza unafikia kwa nani." Niliendelea kutoa chuya, lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kuvuka bahari na kufika Busselton, Australia.

Swali hilo Mama aliniuliza mimi Julai 2014, kwa simu, nikiwa masomoni Perth, huko huko Australia. Wanaomfahamu Mama wanajua kwamba si mtu wa kukataza. Yeye huuliza tu, kisha akanyamaza mpaka usikie uzito wa alichouliza. Muhula ulikuwa umekwisha, wenzangu wa chuo walikuwa wametawanyika kwa jamaa zao, na mimi nilikuwa na akiba ndogo iliyotokana na kufagia ofisi usiku. Sheria ya viza ya wakati ule ilituruhusu wanafunzi kufanya kazi saa 40 kwa majuma mawili wakati wa masomo, na ukishatoa kodi ya chumba, nauli na chakula, kinachobaki hakimpeleki mtu mbali. Kiliweza kunipeleka Busselton, mji wa pwani ulio umbali wa kilomita 220 hivi kusini mwa Perth, kwa sababu ilikuwa majira ya baridi, watalii hawakuwapo, na vitanda vya hosteli vilikuwa vimeshuka bei.

"Huko unafikia kwa nani?"

Nilimwambia habari za hosteli. Akauliza kama kuna Mtanzania yeyote katika mji huo, au Mkenya, au hata mtu aliyewahi kusoma na mtu tunayemjua. Nilipomwambia hapana, alinyamaza. Alikuwa anatafuta jina la kuliweka katika dua yake. Kwetu mtu hasafiri kwenda mahali. Husafiri kwenda kwa mtu, na mahali huja baadaye. Kuna anayejua kwamba unakuja na ambaye usipotokea jioni ataanza kuuliza stendi. Sikuliona jambo hilo kuwa ushamba wakati ule, wala silioni hivyo leo. Lakini nilikuwa na hamu kubwa, ambayo sikuweza kumweleza, ya kuufikia mji bila kutumwa na mtu na bila kungojwa na mtu.

Basi liliondoka Perth asubuhi, likapitia Bunbury, likanishusha kwenye manyunyu. Hosteli ilikuwa na vitanda vya deka, jiko la pamoja, na rafu moja ambayo wasafiri wanaoondoka huacha vyakula vyao ili wanaobaki watumie. Wengi waliolala pale walikuwa vijana wa Ulaya na Asia wenye viza ya likizo na kazi, waliokuwa wakichukuliwa alfajiri kwenda kupogoa mizabibu upande wa Margaret River. Mimi nilikuwa na mchele, dengu, vitunguu na kopo la bizari. Mchana nilitembea ufukweni, ambako dhoruba za baridi zilikuwa zimerundika majani ya bahari mpaka magotini, maana ghuba ile imetandikwa nyasi za baharini eneo kubwa mno. Harufu yake niliitambua kabla sijayaona.

Mvua ilipozidi niliingia maktaba ya mji, mahali palipokuwa na joto lisilolipiwa, na huko nikasoma juu ya Thomas Vasse. Ghuba inaitwa Geographe kwa jina la meli ya Mfaransa Nicolas Baudin, ambaye msafara wake ulifika hapo mwaka 1801. Vasse alikuwa mmoja wa mabaharia, akapotelea katika mawimbi walipokuwa wakijaribu kuondoka ufukweni, na meli zikaenda zake. Leo mto unaopita mjini unaitwa Vasse. Lakini yako masimulizi, yaliyoandikwa mwaka 1838 kutoka vinywani mwa wenyeji, kwamba hakufa maji. Wanasema Wawardandi, ambao ni wenyeji wa asili wa pwani ile, wa jamii ya Wanoongar, walimwokota, wakamlisha na kumtendea wema, naye akawa anashinda ufukweni akitazama baharini kama meli zake zitarudi, akakonda kwa wasiwasi, hata siku moja wenyeji waliporudi kutoka mawindoni wakamkuta amekufa mchangani. Nilisoma ukurasa ule zaidi ya mara moja. Kisha nikasoma juu ya ukoo wa Bussell, ambao jina lao ndilo mji unalobeba, Waingereza waliokuja kujenga hapo miaka ya 1830 bila kupiga hodi kwa mtu. Na juu ya mwaka 1841, ambapo, baada ya mlowezi George Layman kuuawa, wenzake walilipiza kisasi kwa kuwaua Wawardandi wengi karibu na Wonnerup, kilomita chache tu kutoka kwenye kiti nilichokalia. Watu wale wale waliompa chakula baharia aliyetupwa na bahari. Nilirudi hosteli nikiwa na uzito moyoni, na nilipopita barabarani nilikuwa nayatazama majina ya mitaa kwa jicho jingine.

Jioni yangu ya mwisho ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Nilitoka saa kumi na moja kwenda gatini. Gati la Busselton lina urefu wa mita 1,841, limesimama juu ya nguzo za mbao, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1865 kwa ajili ya meli zilizokuja kuchukua mbao. Meli zilipoacha kuja, miaka ya 1970, serikali iliacha kulitunza. Mwaka 1978 kimbunga Alby kikabomoa sehemu kubwa, na wakazi ndio waliochanga na kudai mpaka likasimama tena. Kuna treni ndogo inayowapeleka wageni mwisho, na huko mwisho kuna ngazi za kuteremka mita 8 chini ya maji ili kutazama matumbawe na samaki kupitia vioo. Mfuko wangu haukuruhusu treni wala ngazi, nikatembea kwa miguu. Jua lilizama katika maji, jambo ambalo mtu wa Tanga halioni nyumbani, kwa kuwa sisi Bahari hiyo hiyo ya Hindi hutuletea jua alfajiri. Nilisimama mpaka giza likaingia, nikafunga koti, nikaanza kurudi.

Katikati ya njia niliona madoa meusi kwenye mbao za sakafu, mengine makavu ya zamani, mengine yangali yanang'aa. Mtu aliyekulia karibu na soko la samaki la Deep Sea hahitaji kuelezwa. Ulikuwa wino wa ngisi, na ulikuwa mbichi. Hatua chache mbele alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kizungu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi, ufito wa kuvulia mkononi. Nilimwamkia. Alijibu kwa kichwa, akanyoosha mkono bila kuyatoa macho kwenye maji, na kusema kana kwamba tulikuwa na miadi: "Nishikie tochi."

Nikashika. Alinionyesha kwa kidole nimulike wapi, si kwenye ncha ya mshipi bali pembeni yake, ili maji yawe na mwanga hafifu. Chambo chake kilikuwa cha bandia, umbo la kamba wa baharini, rangi ya chungwa, na mkiani kulikuwa na duara la miiba midogo mahali pa ndoana. Alikitupa, akakiacha kizame, akakivuta mara mbili kwa mkato, akakiacha tena. Kwa muda hapakuwa na jambo. Upepo ulikuwa unapita chini ya mbao na kupanda ndani ya suruali yangu. Kisha ufito ukapinda, bila mshtuko, ukawa mzito tu, na bibi akaanza kukunja mshipi taratibu, kwa mwendo mmoja, kwa sababu ngisi hakamatwi mdomoni. Ameshikwa kwa mikono yake laini, na ukimvuta kwa pupa anachanika na kuondoka.

"Wavu," akasema.

Ulikuwa wavu wa duara wenye kamba ndefu. Niliuteremsha ubavuni mwa gati kwa mkono mmoja, tochi katika mkono wa pili, na hapo nikamwona akija juu. Alikuwa anavuta na kuachia, akisukuma maji, na kila aliposukuma rangi yake ilibadilika: mwili mzima ukawa wa kahawia iliyoiva, kisha ukapauka mpaka nikaona kivuli cha viungo vyake vya ndani, kisha madoa mekundu madogo yakafunguka yote kwa pamoja na kufumba. Jicho lake lilikuwa kubwa, la kijani na fedha, na lilikuwa wazi. Nimeona ngisi maelfu sokoni, weupe, wamelala kwenye barafu au juu ya gunia, na sikuwahi kujua kwamba akiwa hai ana rangi zote hizo. Nilimwingiza wavuni, nikampandisha. Alipogusa mbao alitoa wino wake wote, ukaruka mpaka kwenye viatu vyangu, na bibi, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Tuliendelea hivyo kwa muda mrefu. Akanipa ufito nijaribu, akashika tochi yeye. Nikamkosa mmoja, nikampata mwingine. Aliniambia kwamba sheria ya huko inamruhusu mvuvi ngisi, dome na pweza 15 kwa siku, na kwamba yeye hachukui zaidi ya anachokula. Hakuniuliza natoka wapi. Wasomaji walioishi ugenini wataelewa ninachosema. Swali hilo nilikuwa naulizwa Perth kwenye foleni ya duka, kwenye lifti, na watu niliokuwa nikiwafagilia ofisi zao. Nilikuwa nalijibu kwa adabu kila mara, na kila mara lilikuwa linanisimamisha nje ya mlango. Huyu alihitaji mkono wa kushika tochi, na mkono wangu ulifaa. Alipoanza kukusanya vitu vyake aliniuliza swali moja tu: "Unajua kumsafisha?" Nikasema najua. "Basi chukua," akasema, akanitilia ngisi wawili wakubwa katika mfuko uliokuwa wa mkate, akabeba ndoo yake na kuondoka kuelekea nchi kavu kwa mwendo wa haraka ambao sikuutegemea kwa mtu wa umri wake.

Kisu cha hosteli kilikuwa butu, lakini ngisi hataki kisu kikali. Nilimvuta kichwa kikatoka na matumbo, nikachomoa ule mfupa wake mwembamba unaopitisha mwanga, nikamenya ngozi, nikamkata pete. Kwenye rafu ya vyakula vya kuachwa kulikuwa na kopo la tui. Nilikaanga vitunguu, nyanya na bizari, nikatia tui, na ngisi nikamtia mwisho kabisa ili asiwe mgumu. Harufu ilitembea koridoni. Akaja binti wa Taiwan mwenye sufuria yake ya wali, wakaja vijana wawili wa Ujerumani ambao mikono yao ilikuwa na malengelenge ya mikasi ya kupogolea, akaja na Mwitaliano aliyeomba kwanza aonje mchuzi. Tulikula wote kutoka chungu kimoja, tumesimama, kwa sababu viti havikutosha. Waliponishukuru walinishukuru kama mwenye nyumba, nami nikawaambia karibuni tena, kwa Kiswahili, maana ndivyo yalivyotoka.

Nilimpigia Mama kesho yake nikiwa kituoni nasubiri basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jina la yule bibi. Nikasema sikumuuliza, wala yeye hakuniuliza langu.

"Umekula ngisi wa mtu, na hujui anaitwa nani?"

Nikamweleza kwamba huko hakuna ubaya, kwamba hivyo ndivyo tulivyokutana na ndivyo tulivyoachana, na kwamba ndilo jambo lililonifurahisha. Akafikiri. "Basi ndiye uliyefikia kwake," akasema. Nilimwambia hapana: sikufikia kwa mtu, nilikwenda peke yangu na nimerudi salama, na bibi yule alihitaji tu mtu wa kumshikia tochi. Mama hakukubali. Alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwamba mtu aliyekupa kazi mkononi na chakula cha kuondokea amekupokea, uwe unajua hilo au hujui. Tangu hapo alikuwa akimtaja katika dua zake, yule bibi wa ngisi, pamoja na majina ya wajomba na mashangazi.

Hatukuafikiana, na sina hakika kama nilitaka tuafikiane. Mwaka uliofuata, kabla ya kurudi Tanga, nilikata tiketi ya basi la kwenda Albany, mji mwingine wa pwani kusini zaidi, nikampigia kumwarifu. Kabla hajauliza nilimwambia kwamba bado sijui ni kwa nani. Akasema nikishamjua nimpigie, na safari hii niulize jina.