Nukta ya Pili

Mwaka 1991 nilikuwa mwanafunzi Uingereza, na jioni mbili kwa wiki nilijifunza kuendesha projekta katika jumba dogo la sinema. Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujanani. Chumba chetu kilikuwa chembamba, kina joto, na mashine mbili zimesimama sambamba kama jozi ya maksai. Rili, yaani gurudumu la mkanda lenye sehemu moja ya filamu, ikikaribia kuisha, pembeni juu, upande wa kulia wa picha, hutokea nukta. Ukiiona, unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde saba hivi baadaye inakuja nukta nyingine, na hapo ndipo unapobadilisha: mashine moja inafumba jicho, nyingine inafumbua. Kila nukta inakaa fremu 4 tu, yaani picha nne za mkanda. Ukipepesa, imepita.

Jioni moja tulionyesha Rope ya mwongozaji Alfred Hitchcock, filamu ya mwaka 1948. Rili tano. Mzee alibadilisha ya kwanza, kisha akasogea kando akaniachia ya pili.

Nukta ya kwanza niliiona, nikawasha mota. Lakini picha ilikuwa imeshanikamata. Kamera ile haikatiki. Inawafuata watu kutoka sebuleni hadi ukumbini, inalizunguka kasha lenye maiti ambalo juu yake wageni wameandaliwa chakula, inarudi tena, na wewe unakuta umesahau kupumua. Phillip, mmoja wa wale vijana wawili wauaji, akapandwa na hasira, akasema ni uongo. Nikabaki namwangalia usoni wakati macho yangu yalitakiwa yawe pembeni juu. Mkia wa rili ukapita. Skrini ikawa nyeupe pe.

Mkono wa mzee ulipita mbele ya kifua changu ukabadilisha. Ni sekunde tatu, labda nne. Huko chini watu waliguna, na mimi nikahisi mwili mzima unawaka kwa aibu.

Hakunigombeza. Watu walipokwisha kuondoka, wakati tunarudisha rili nyuma, aliniita mezani, akatandaza mkia wa rili ya pili na kichwa cha ya tatu juu ya kioo chenye taa. Rili ya pili inaishia kwa Phillip. Ya tatu inaanza na mwigizaji James Stewart, anamtazama. Mkato wa wazi kabisa: picha moja inakoma, nyingine inaanza. Kisha akarudi katikati ya rili ya pili, akanionyesha mgongo wa mwanamume, koti lake likizidi kujaa fremu baada ya fremu, mpaka likaziba kila kitu pakawa giza. Huo nao ulikuwa mkato, ila umefichwa. Kamera ilibeba futi 1,000 za filamu kwa mara moja, kama dakika 10 hivi. Rili ya projekta ilibeba futi 2,000. Basi mkato mmoja Hitchcock aliuficha nyuma ya koti, na uliofuata akauacha wazi, kwa sababu pale ndipo mtu wa chumba cha juu angebadilisha mashine.

Nilikishika kile kipande nikakiinua kwenye taa tena. Mtu yule alikuwa ametufikiria sisi.

Mzee ndiye aliyenisimulia habari za kampuni iliyotengeneza Rope, Transatlantic Pictures. Tangu 1939 Hitchcock alikuwa amefungwa na mkataba wa David O. Selznick, mtayarishaji aliyependa kuingiza mkono wake kwenye kila hati na kila mkato. Vita vilipokwisha aliungana na rafiki yake Sidney Bernstein, Mwingereza mwenye majumba ya sinema ya Granada, wakaanzisha kampuni yao wenyewe. Nimeamini siku zote kwamba kuwa na mbia mwenye majumba ya sinema kulimsaidia kutukumbuka sisi wa juu.

Na uhuru ulipopatikana, aliufanyia nini? Bingwa wa mikato aliamua kutokata. Kuta za sebule ile ziliwekwa kwenye magurudumu, zikasogezwa kimya kimya ili kamera kubwa ya Technicolor, ya filamu za rangi, ipite, samani zikiondolewa na kurudishwa huku waigizaji wakiendelea kusema. Dirishani ilitengenezwa New York nzima ya bandia, inayozama gizani kadiri jioni inavyosonga. Miaka ya baadaye alimwambia mwongozaji Mfaransa François Truffaut kwamba lilikuwa jambo lisilo na maana. Sikubaliani naye hata kidogo.

Filamu ya pili ya kampuni, Under Capricorn ya mwaka 1949, aliipiga Uingereza akiwa na mwigizaji Ingrid Bergman. Ilikula hasara, na benki iliyoigharimia ikaichukua. I Confess, iliyopangwa kuwa yao pia, ilitoka mwaka 1953 chini ya Warner Bros. Filamu mbili tu, basi. Rope yenyewe ilikaa miaka mingi bila kuonyeshwa, hadi 1984, na mzee aliniambia aliisubiri muda wote huo.

Kesho yake tuliionyesha tena. Safari hii mzee aliketi kwenye kiti cha nyuma, mikono mapajani. Nukta ya kwanza: mota. Nilikaza macho pale pembeni juu, sikumtazama Phillip, nilimsikia tu akisema ni uongo. Nukta ya pili. Nikabadilisha, Stewart akatokea. Nilichungulia ukumbini kupitia kidirisha. Hakuna hata kichwa kimoja kilichogeuka.