Upande wa Pili wa Santuri

Krismasi moja mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjomba alikuja kwetu Nakuru na gramafoni yake na furushi la santuri. Jioni, tulipokwisha kula, akaweka santuri ndogo ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Upande wa kwanza, "In a Mansion Stands My Love", uliimba wee, hakuna aliyeinua kichwa. Akaigeuza, akabandika shilingi juu ya mkono wa sindano isije ikarukaruka. Mkwaruzo kidogo, kisha "He'll Have to Go" ikaanza, na sebule nzima ikatulia.

Marekani nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Kampuni ya santuri ya RCA iliitoa santuri hiyo mwishoni mwa 1959 ikitegemea upande wa kwanza. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza. Mwaka 1960 wimbo ukaongoza chati ya kantri kwa wiki 14. Waliutunga Joe Allison na mkewe Audrey, ambaye sauti yake ilikuwa ya chini mno kwenye simu, hata ikabidi mumewe amwombe asogeze mdomo karibu. Humo ndimo lilimotoka ombi la yule mwanamume wa kwenye wimbo, aliye baa, anayempigia simu mpenzi wake akijua yuko na mwingine.

Reeves naye aliimba mdomo ukikaribia kugusa maikrofoni. Alipoanza kazi alikuwa akipaza sauti kama wenzake. Tangu "Four Walls" ya 1957 akaishusha, Chet Atkins akimsimamia studioni Nashville. Mimi naamini hiyo ndiyo siri ya wimbo kudumu: mtu ameumia, lakini hapigi kelele wala hatukani. Piano ya Floyd Cramer inagusa kidogo tu, inampisha.

Baba, aliyekuwa mtu wa reli na si mwepesi wa kusema ya moyoni, alitutazama akasema, "Hata mimi nilikuwa nampigia mama yenu hivyo, nikiwa Voi."

"Wewe!" mama akadakia. "Ulikuwa unanguruma posta nzima ikasikia."

"Laini zilikuwa mbovu, mama watoto."

"Shemeji, usijitetee," mjomba akasema, akirudisha sindano mwanzo. Tulicheka sana. Sikuwa nimewahi kuwaona wazazi wangu wakitaniana mapenzi mbele yetu, na ninaushukuru wimbo ule kwa jioni hiyo.

Mama akauliza, "Sasa huyo mwanamke alijibuje?" Wimbo hausemi, na mjomba hakujua.

Nilipata jibu nikiwa mtu mzima. Mwaka huohuo wa 1960, Jeanne Black alirekodi "He'll Have to Stay": mwanamke amechoka kungojea ahadi zisizotimizwa, na huyo mwingine atabaki. Nilimpelekea mama, nikamchezea wimbo huo kwenye simu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema binti huyo amefanya vyema kabisa. Kisha akaniambia nimwekee Jim.