Nilivyofuatilia marathoni ya Simbu usiku wa manane kwa bando la jero

Huku kwetu Mwanga, Kigoma, vibanda umiza vyote ni mpira tu, mwambie mwenye kibanda akuwekee riadha uone atakavyokuangalia. Mi nimekua na riadha, mzee alikuwa anatupigia stori za Filbert Bayi alivyovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 mpaka tumezikariri, kwa hiyo Septemba 2025 niliposikia Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu anakimbia marathoni mashindano ya dunia Tokyo nikasema hii hainipiti.

Kwanza muda. Ratiba inasema saa 1:30 asubuhi ya kule, tarehe 15, na Japani wametutangulia masaa 6, so kwetu inakuwa saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumatatu. Wengine wangelalamika, mi nikafurahi, maana hapo bando la usiku linakuwa limeshafunguka.

Video sasa ndo ilikuwa mtihani. Linki aliyonitumia shemeji inazunguka weee mpaka hasira, ikishika kidogo unaona miguu ya watu halafu inaganda. Katika kuhangaika huko nikaangukia kwenye tovuti ya World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, kumbe wana ukurasa wa matokeo laivu, maandishi na namba tu, kila kilomita 5 wanaweka nani kapita wa ngapi na kwa muda gani. Bando haligusi kabisa. Usihangaike kusoma majina yote, we tafuta herufi TAN ndo watu wetu hao. Halafu usiangalie sana nafasi, hii nimeigundua mwenyewe, angalia kaachwa sekunde ngapi na anayeongoza. Mtu anaweza kuandikwa wa ishirini huko ukakata tamaa kumbe kaachwa sekunde tatu, yaani yuko humohumo kwenye kundi la mbele anajificha upepo.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, nikapunguza mwanga wa simu nikawa naburuza ukurasa taratibu. Mama watoto akageuka, "unachati na nani saa hizi?" Nikamwonyesha, namba tupu. Akasema afadhali ungekuwa unachati, akavuta shuka.

Mwishoni nikaburuza, naona Simbu 2:09:48 na chini yake Amanal Petros wa Ujerumani 2:09:48. Sawasawa! Nikajua wamekosea kuandika, nikaburuza tena na tena, ikabaki vilevile, Simbu juu, na wa tatu Iliass Aouani wa Italia 2:09:53. Ikaja kujulikana picha ya mstarini ndo imeamua, sekunde 0.03. Asee fikiria, jana yake Oblique Seville kashinda mita 100 kwa 9.77 na Kishane Thompson 9.82, tofauti 0.05, yaani watu waliokimbia kilomita 42 na ushee wamekaribiana kuliko wale wa mita 100. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, na huyu ndo yuleyule wa shaba ya London 2017. Nilipiga kelele, mtoto akaamka analia, basi tena.

Asubuhi nikatafuta kipande cha mwisho nikakiangalia kwa picha ile ya chini kabisa, ina ukungu lakini inatosha. Petros kaongoza mpaka hatua za mwisho, Simbu anakuja pembeni, Mjerumani anajirusha mpaka chini. Mwenyewe Simbu alisema hakujua kama kashinda hadi alipoona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja.

Mashindano yajayo ni Beijing 2027, kule wametuzidi masaa 5, wakianza asubuhi vilevile mi na bando langu la usiku tuko vizuri. Olimpiki ya Los Angeles 2028 ndo ina utata, wale wako nyuma yetu masaa 10, saa 1 asubuhi yao ni saa 11 jioni huku, nitalipa bei ya mchana tu hakuna namna.