Daktari alivyotuchorea tumbo la baba

Juzi mwanangu katoka shule na swali la sayansi: "Mama, kongosho lina kazi gani?" Linatoa insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula, nikamjibu. Akaandika, akakimbilia nje kucheza. Mimi nikabaki na kumbukumbu za baba.

Macho yake yalianza kuwa ya njano wakati wa mavuno ya zabibu, kule Hombolo. Maumivu hana. Mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka, usiku kucha anajikuna. Akanywa mizizi, haikusaidia. Vipimo vikafuata, na hatimaye tukakaa mbele ya daktari wa upasuaji hapa Dodoma mjini.

Kijana yule alimwamkia baba, "Mbukwenyi," kisha akageuza bahasha ya picha za CT skan na kuanza kuchora kwa peni ya bluu. Kongosho limelala nyuma ya tumbo, kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. "Uvimbe uko hapa kichwani, umebana mrija wa nyongo. Ungekuwa mkiani, macho yasingetuonya mapema."

Akaanza kukata kwa alama: kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo, kifuko cha nyongo, kipande cha mrija, pengine na sehemu ya tumbo. Kila alama, mama anakaza kitenge chake.

"Mwanangu, mkishatoa vyote hivyo, chakula kitapita wapi?"

Daktari akauchora utumbo ukivutwa juu na kushonwa mahali patatu: kwenye kongosho lililobaki, kwenye mrija wa nyongo, kwenye tumbo. Peni ikasimama pale pa kwanza. "Hapa ndipo tunapopaogopa, mama. Pakivuja ni hatari."

Wengi, akasema, hufika saratani imeshasambaa, hawapasuliki tena. "Mzee, wewe unapasulika. Kupona siwezi kukuahidi. Ila dawa peke yake haziuondoi uvimbe huu."

Baba akasema, "Basi nikateni."

Upasuaji huo, uitwao Whipple, alifanyiwa Dar es Salaam, tukasubiri kutwa nzima. Ikaja kisukari, chakula kidogo kidogo, dripu za kemo, yaani dawa za saratani. Alirudi shambani. Baada ya miaka miwili na kitu saratani ikatokea kwenye ini, tukamzika.

Kaka anasema tulimtesa mzee. Mama hataki kusikia hilo; humtajia harusi ya mdogo wetu, baba alivyosimama akatoa mawaidha. Kaka ndiye aliyemwuguza usiku wodini, mama ndiye aliyekula naye siku zile njema, nami siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea.